Mjomba, mke wangu kachoka na laptopu yangu, ninunue kidude gani cha kupigia midundo?

Shikamoo Mjomba,

Naomba ushauri wako na usinicheke, maana najua kuna watu watasoma hapa waseme huyu kakosa shida za kuleta. Niko Mtwara mjini, Chuno, kazi yangu ni ya ofisini kwenye mambo ya ushirika wa korosho, yani toka asubuhi niko na kompyuta naingiza kilo, naingiza majina ya wakulima, stakabadhi, malipo, na msimu ukikolea kuanzia mwezi wa kumi ndo usiseme, hata chai nakunywa huku nimekodolea kioo. Jioni nikitoka macho yanawasha na shingo imekaza.

Sasa mimi toka shule napenda kupiga midundo, singeli hasa, ila na vitu vya kwetu vya sindimba napenda kuvichanganya humo. Natumia programu ya FL Studio kwenye laptopu. Nikirudi home nakula, naoga, nafungua laptopu tena, nia yangu ni lisaa limoja tu nipige kitu kichwa kitulie. Lakini Mjomba ile laptopu ina kila kitu, natafuta sauti ya ngoma najikuta niko YouTube, nikitoka hapo mtu kanitumia kitu wasapu, nikitoka hapo magoli ya jana, nakuja kushtuka saa saba usiku mdundo wenyewe una mapigo manne na kesho kazini. Mke wangu mwanzo alikuwa analalamika. Siku hizi halalamiki, anajifunika shuka anageukia ukutani, na mimi naona hii ndo mbaya kuliko yale malalamiko. Mtoto wetu ana miaka minne, akiniona nimekaa na laptopu anawaambia wageni "baba yuko kazini".

Nikasikia kuna vidude vya kupigia midundo ambavyo havitaki kompyuta. Nina laki mbili na nusu, nikijibana sana laki tatu. Nimeanza kuulizia, nimechanganyikiwa zaidi. Kuna jamaa ana duka karibu na soko anauza kikinanda kidogo cha Akai, MPK Mini, used, anataka laki na ishirini na anasema hicho hicho ndo wanatumia maprodyuza wakubwa. Binamu yangu yuko Dar anasema ataniagizia Pocket Operator, nimeona picha yake nikadhani kikokotoo kimefunguliwa mfuniko. Mwingine kaniambia Korg Volca. Mwingine anasema nijichange ninunue MPC nimalize kazi. Na mshkaji wangu mmoja anasema hayo yote ni kupoteza hela, pakua programu kwenye simu basi.

Umeme wenyewe unaujua, gesi inatoka Msimbati hapo jirani lakini kukatika kupo pale pale. Nyumba yetu ni vyumba viwili, mtoto analala mapema. Mke wangu nilipomuonyesha picha alisema "midoli hiyo, mnunulie mwanao". Nisaidie Mjomba, nichukue kipi?

Ni mimi mpwa wako, Mpiga Midundo wa Chuno.

MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mjomba, hujambo na hapo nyumbani hawajambo.

Hicho cha laki na ishirini kiache hapo hapo dukani. Jamaa hajakudanganya kwamba maprodyuza wanakitumia, ni kweli wanakitumia, ila hajakwambia kwamba MPK Mini ya kawaida haina sauti hata moja ndani yake. Ni kama rimoti ya TV, unabonyeza na kitu kinatokea kwingine, na hapo kwingine ni kwenye laptopu yako ile ile unayoikimbia. Vitu vyote vinavyoitwa MIDI kontrola ndo viko hivo na ndo vimejaa madukani kwa sababu ni rahisi, na watu wengi wa kwetu wanarudi navyo nyumbani wanachomeka wanabonyeza, kimyaa, wanadhani kibovu. Dawa yake ni ndogo, ukiwa dukani mwambie muuzaji akiwashe bila kompyuta ukisikie. Akianza maelezo marefu, ondoka. Ipo ndugu yake inaitwa MPK Mini Play, hiyo ina sauti ndani na kispika na inakula betri, lakini hairekodi ulichopiga, kwahiyo kwa mtu wa kupanga mdundo bado utabaki unapiga kinapotea hewani.

Mshkaji wa programu ya simu tusimjadili sana. Programu zenyewe ni nzuri na nyingine za bure, sibishi, ila wewe hujaniandikia kwamba hujui kupiga mdundo, umeniandikia kwamba wasapu inakuingilia. Sasa uhamie kwenye simu yenyewe? Hata.

MPC ni mashine ya heshima. Akai na bwana mmoja Mmarekani anaitwa Roger Linn waliitoa ya kwanza, MPC60, mwaka 1988, na zile pedi kumi na sita za kugonga kwa vidole ambazo leo unaziona kwenye kila kidude asili yake ni pale. Lakini ya siku hizi kama MPC One ya mwaka 2020 ina kioo cha kugusa cha inchi saba, inachomekwa ukutani, na bei yake utauza mpaka kabati. Umekimbia kioo kikubwa unakwenda kukaa na kioo kingine na umeme ukikatika mnakaa wote gizani. Siyo sasa hivi.

Volca nazipenda, nisiwe mnafiki. Korg walizitoa 2013, zina kispika chao, zinakula betri sita zile za saa ya ukutani, na unazungusha vitasa kwa mkono sauti inabadilika hapo hapo, raha tupu. Shida yake kila moja ina kazi yake. Volca Beats ni ngoma tu. Ukishakuwa nayo wiki moja unasema ngoja nitafute na ya besi, ukipata ya besi unataka na ya kinanda, Volca Keys, na laki tatu yako ilishaisha kwenye ya kwanza. Alafu kuna Volca Sample ambayo ndo ingekufaa kwa singeli maana inachezesha vipande vya sauti, ila kuingiza sauti zako mwenyewe mle lazima upite kwenye simu au kompyuta, yenyewe haina maiki ya kurekodia. Tumerudi kule kule.

Kwahiyo mimi kwako nachagua Pocket Operator, lakini siyo yoyote, na hapa msikilize mjomba wako vizuri kwa sababu binamu anaweza kukuletea nyingine kwa nia njema kabisa. Zinatengenezwa na kampuni ya Sweden inaitwa Teenage Engineering, za kwanza zilitoka 2015, na zote kwa sura ni ile ile kikokotoo kilichovuliwa nguo. Nyingi zina sauti zao tu za kiwandani, PO-12 kwa mfano ni ngoma za kiwandani basi. Wewe unataka PO-33, jina lake K.O!, ilitoka 2018, hiyo ina maiki na inarekodi. Mwandikie binamu namba, thelathini na tatu, na usimwambie "ile Pocket Operator".

Nikueleze inavyofanya kazi ili uone kwa nini nimeng'ang'ania hiyo. Unashikilia kitufe cha kurekodi, unabonyeza namba, unakisogeza kwenye kitu kinacholia, unaachia, basi sauti imeingia. Namba 1 mpaka 8 ni za sauti za kupiga kama kinanda, yani ukirekodi mtu anasema "eeh" mara moja tu kidude kinakupangia "eeh" nzito mpaka nyembamba kwenye vitufe vyote kumi na sita, unapigia wimbo. Namba 9 mpaka 16 ni za ngoma, hapo ukirekodi kipande kirefu chenye mapigo kadhaa kinakikata chenyewe kila pigo kwenye kitufe chake. Alafu unabonyeza cha kuandika, vitufe kumi na sita vinakuwa hatua kumi na sita za mdundo, unaweka ngoma hapa, unaweka makofi pale, kinazunguka. Kioo kipo, nisikudanganye, ila ni kile cha saa ya Casio, hakina mwanga na hakina mtu wa kukutumia meseji.

Sasa fikiria umekaa nje jioni na mke wako anatwanga, ule mchi kwenye kinu ni besi ya bure mjomba, sijui kwa nini watu wanatafuta sauti za ngoma mtandaoni wakati kinu kipo. Wavuvi wanaogonga misumari kwenye ngalawa kule Mikindani, mfuniko wa sufuria, korosho zinamwagwa kwenye gunia. Na ngoma zenu za sindimba ukipata wazee wanaopiga waombe ruhusa kwanza urekodi vipande vifupi, ila za unyago achana nazo, zile zina wenyewe. Singeli spidi yake kubwa, ukiona inakimbia kuliko kidude basi weka nusu ya spidi alafu uzidishe mapigo mara mbili, masikio hayajui tofauti.

Mabaya yake pia uyajue kabla hujatoa hela. Nafasi ya kurekodi ni sekunde 40 kwa sauti zote kwa pamoja, kwahiyo ni vipande vifupi vifupi, siyo mashairi ya mtu. Vitufe ni vidogo, mwenye vidole kama vyangu anabonyeza viwili kwa mpigo. Kispika chake hakina besi kabisa, ukitaka kuisikia unachomeka waya wa AUX kwenye sabufa, tundu lake ni lile la kawaida la hedifoni. Na ile sakiti iko wazi mgongoni na kifuani, kule kwenu hewa ya bahari ina chumvi, kitu cha chuma ukikiacha dirishani kinaota kutu unakitazama. Kuna kava lake la mpira linauzwa peke yake, kama hela haitoshi tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na kama hutakitumia siku nyingi toa betri. Betri zake ni mbili tu, zile nyembamba za rimoti, ndo maana nakwambia umeme wa Mtwara haukuhusu tena.

Hela sasa. Bei iliyotokea nayo sokoni ni dola 89. Ukiweka dola moja kwa shilingi 2,500 hivi, hiyo ni 222,500 kabla haijapanda ndege, na bado kuna usafirishaji, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Kwenye laki mbili na nusu haitoshi, kwenye laki tatu inabana. Kwahiyo usimwambie binamu "niagizie", mwambie "nitajie bei ya mwisho ikiwa mkononi mwako Kariakoo", na umuulize kama kuna mtu anakuja kutoka nje anaweza kuibeba, ni ndogo inaingia mfuko wa shati. Kutoka Dar kuja huko basi la siku moja linatosha. Used pia sawa, ila akutumie video imewashwa, inarekodi na vitufe vyote vinaitikia, picha peke yake usikubali.

Bei ikigoma, mpango wa pili ni kikinanda cha Yamaha, PSS-A50, kilitoka 2019, kina vitufe 37 vidogo, kispika, betri nne za saa ya ukutani, na kinarekodi ulichopiga kikakizungusha. Angalia usiuziwe PSS-E30, vinafanana kwa umbo ila huyo ni wa watoto. Ukikosa vyote, Kariakoo hawakosi PSR-F51 au F52, vile vya vitufe 61 wanavyotumia kwaya nyingi, na vyenyewe vinaweza kula betri. Kwa singeli havina ule utundu, lakini mtu anayejua kinanda halali njaa, na mke wako hatasema midoli. Kile kingine cha hao Waswidi, EP-133, cha mwaka 2023, kizuri sana na vitufe vyake vikubwa, ila kilitoka kwa dola 299. Msimu ukija vizuri tutaongea.

Nije kwa mkwe wangu, maana hapo ndo pana kazi kuliko kote. Wewe umeandika habari ya macho kuwasha na usingizi, na ni kweli mwanga wa kioo usiku unachelewesha usingizi. Lakini mtu anayegeukia ukutani hageuki kwa ajili ya macho yako. Ukileta PO-33 alafu ukavaa hedifoni kila jioni mpaka saa saba umebadilisha kidude tu, mgongo wako ni ule ule. Kwahiyo mimi ningefanya hivi, kabla ya mtoto kulala hedifoni usiziguse, kaeni wote barazani na kispika kile kibovu kibovu, na sauti ya kwanza kabisa kurekodi iwe ya huyo mtoto, mwambie aseme ile "baba yuko kazini" yake, kisha umpe kidude aipige nzito na nyembamba. Utaona kama mama yake atabaki ndani. Mtoto akilala, hedifoni lisaa limoja, alafu kidude kinarudi kwenye kopo. Ina saa na alamu humo ndani, kwahiyo usije na ile hoja ya kwamba simu lazima ilale kitandani kwa sababu ya kukuamsha.

Na simu yenyewe ilale sebuleni. Najua utasema na muziki wa kusikiliza je, maana wengi simu inawarudia kupitia dirisha hilo, unaifungua kwa ajili ya nyimbo unamaliza na umbea. Nunua kiredio cha memori kadi, vile vya machinga, elfu kumi na tano mpaka thelathini unapata, kijazie nyimbo zako siku moja kwenye laptopu umemaliza, na taarifa ya habari utasikia humo humo.

FL Studio usiifute, nyimbo huwezi kuzimalizia kwenye sekunde 40. Jioni za katikati ya wiki ni za kidude, vipande vitakavyokuwa vizuri unavihamishia kwenye laptopu Jumamosi mchana ukiwa na akili, tena utakuta kazi inakwenda haraka kwa kuwa unafungua laptopu unajua unachofuata. Hapo kuna kitu kimoja cha kiufundi: laptopu nyingi za siku hizi zina tundu moja tu la hedifoni na maiki kwa pamoja, ukichomeka waya wa kawaida kutoka kwenye kidude haitasikia kitu au itasikia mikwaruzo. Muagize binamu kwenye mzigo huo huo ile sauti kadi ndogo ya USB yenye matundu mawili, moja la maiki moja la hedifoni, siyo ghali. Anza kurekodi sauti ikiwa chini kisha upandishe taratibu, maana hilo tundu la maiki likipigwa na sauti kubwa linapasua kila kitu.

Bei ya binamu ikija nitajie kabla hujatuma hela. Msalimie mkwe wangu.